Weita Mezani: Siku Sita Sisilia

Jumatatu

Begi langu halikuja. Nilisimama mbele ya mkanda wa mizigo mpaka ukazimwa, tukabaki mimi na mzee mmoja aliyekuwa akingoja sanduku la gitaa. Nilitoka Malindi Jumamosi, nikalala Nairobi, nikapanda ndege hadi Istanbul, kisha Roma, kisha hapa Palermo, na katika mizunguko hiyo suti yangu ya kijivu, aliyonishonea fundi wa Shela kwa wiki mbili, ilishika njia yake. Shirika la ndege lilinipa karatasi yenye namba, likaniambia nisubiri simu.

Binti yangu alikuwa nje ananingoja. "Shikamoo baba." Alinishika mkono, kisha akatazama nyuma yangu. "Mizigo iko wapi?"

"Mizigo bado iko safarini, mama."

Hakucheka, kwa sababu suti ile ndiyo iliyokuwa na shughuli. Yeye anafanya kazi Bologna mwaka wa nne sasa. Mwezi wa Februari alinipigia simu akasema amenikatia tiketi ya Sisilia, na Alhamisi usiku ameweka meza kwenye mkahawa wenye nyota ya Michelin. "Baba, miaka kumi na tisa umewapelekea Wataliano sahani. Mara moja tu nao wakuletee wewe."

Kwa msomaji asiyeijua Malindi: Wataliano kwetu si wageni. Walikuja miaka ya sitini na mradi wao wa San Marco, wakasimamisha majukwaa ya kurushia roketi baharini huko Ngomeni, na mwaka 1967 setilaiti ikarushwa kutoka pale. Roketi zikaisha, Wataliano wakabaki na wakaitana, wakajenga hoteli na vibanda vya aiskrimu. Leo mtoto wa ufukweni hukuamkia "ciao" kabla hajakuamkia kwa Kiswahili. Mimi niliingia hoteli yao nikiwa na miaka ishirini na tatu, nikaanzia kuosha glasi, nikapanda hadi kushika meza za mbele. Kitaliano changu nilikiokota jikoni na kwenye trei. Kitaliano cha kuagizwa hicho, na tofauti yake na cha kuagiza niliijua siku ya nne.

Uwanja wa ndege wa hapa una majina ya Falcone na Borsellino, mahakimu wawili waliouawa na mafia mwaka 1992. Barabara ya kuingia mjini inapita pale Capaci alipolipuliwa wa kwanza wao. Binti alinionyesha mnara wa kumbukumbu, dereva akapunguza sauti ya redio. Usiku tulikula mkate na nyanya chumbani.

Jumanne

Asubuhi tulitafuta koti. Maduka mawili ya kwanza yalikuwa na makoti ya vijana, yanabana kifuani kama yameshonewa kuku. La tatu lilikuwa na koti zuri sana la rangi ya mchanga, nikageuza kikaratasi cha bei, nikakirudisha polepole. Binti akafungua pochi, nikamwambia nikivalishwa koti la bei ile chakula hakitapita kooni.

"Sasa utavaa nini?"

"Kanzu ipo." Nilikuwa nayo kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na kofia, kwa ajili ya sala. Akanitazama. Nikamkumbusha kwamba babu yake alikutana na gavana na kanzu. Tukaachana na habari ya makoti.

Tukaenda Ballarò, soko la zamani. Lile si la kuangalia tu, ni la kusikiliza: wauzaji wanapiga kelele za mnada zenye nyimbo ndani yake, wenyewe huziita abbanniata, na kila mmoja anayo yake. Nilisimama kwa muuza samaki kama mtu aliyefika nyumbani. Kulikuwa na upanga wa samaki umesimamishwa wima juu ya barafu, jamaa wa sulisuli wetu huyo, na dagaa wamepangwa kama visu. Pembeni mzee anachemsha pweza kwenye sufuria kubwa, anamkata kwa kisu kifupi, anakamulia ndimu, unakula umesimama. Bila pilipili, bila mchuzi. Nilimwonea huruma pweza, lakini alikuwa laini.

Tulikula pia panelle, unga wa dengu uliokorogwa kwa maji ukapoa, ukakatwa vipande na kukaangwa, wakautia ndani ya mkate wenye ufuta. Nilimwambia binti hii ni bajia iliyopigwa pasi. Kwenye keki za cannoli nilisita, nikamuuliza mama muuzaji ganda lake limetengenezwaje. Akanijibu bila kuficha: mvinyo wa Marsala kwenye unga, na kwao hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Nikamshukuru. Akaniona naondoka mikono mitupu, akasema "mischinu", akanipa tufaa. Hilo neno sikulijua kwa Kitaliano. Nililijua kwa Kiswahili: maskini!

Baadaye nilianza kuyaona maneno ya Kiarabu kama hilo kila mahali. Waarabu waliuchukua mji huu mwaka 831 na wakautawala hadi Wanormani walipouteka mwaka 1072, na maneno hayakuondoka nao. Birika la kuhifadhia maji shambani huitwa gebbia. Wa Lamu watasema ni jabia, na ndiyo hiyo. Mtaa wa Kalsa ni al-Khalisa, ndugu wa halisi yetu. Penye kanisa kuu, kwenye nguzo ya ukumbi wa mbele, kuna aya ya Surat al-A'raf imechongwa. Nguzo ni ya kale kuliko lango inalolibeba, na hakuna aliyeona haja ya kuifuta. Nilisoma hadi nilipoweza, mstari wa chini umelika.

Kilichonishika zaidi ni Idrisi. Tulipokuwa ndani ya jumba la wafalme, chini ya dari ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiarabu, binti alinisomea kwenye simu kwamba mfalme Roger wa Pili alimweka hapa mwanajiografia al-Idrisi, na mwaka 1154 kitabu chake kikakamilika, kwa Kiarabu. Ndani yake ameitaja Malindi: mji wa pwani, watu wake wavuvi na wawindaji, wanahifadhi samaki na kuwauza, na wana machimbo ya chuma. Miaka karibu mia tisa iliyopita mtu alikaa Palermo akaandika habari za ng'onda, samaki wetu wakavu, na mimi sikuwahi kufundishwa hilo shuleni. Nilimwambia binti arudie kusoma. Akarudia.

Jumatano

Basi hadi Trapani, saa mbili hivi. Kando ya mji kuna mashamba ya chumvi na vinu vya upepo, na malundo meupe yaliyoezekwa vigae ili mvua isiyayeyushe. Anayeishi Malindi akipita Gongoni au Marereni anayajua malundo hayo. Yetu hayana vigae.

Chakula cha mchana tulikila kwa mama mmoja mwenye meza tano. Nilimwomba nione jikoni, na alipojua nimekuwa weita hakuuliza zaidi. Alikuwa anapika cùscusu. Unga wa ngano ngumu humwagwa kwenye bakuli pana la udongo, lenye ukingo ulioinuka, unanyunyiziwa maji kidogo kidogo huku vidole vinazungushwa bila kukandamiza, hadi unageuka chembechembe. Hapo ndipo penye ufundi, na hapafundishiki kwa maneno. Chembe hupikwa kwa mvuke, na mahali chungu kinapokutana na kile cha juu huzibwa kwa ukanda wa unga uliokandwa. Nikaruka: hivyo ndivyo tunavyoziba sufuria ya biriani! Ikiiva, humiminiwa supu ya samaki wa mawe, hufunikwa na blanketi la sufi, ikalala saa nzima. Alilifunika lile bakuli na kulibana pembeni, akaondoka kwa kunyata.

Kwenye bili kulikuwa na yuro nne za coperto, mbili kila kichwa, yaani ada ya kukalia kiti na kula mkate. Wageni wengi wakiiona hudhani wameibiwa. Malindi nimeieleza mara elfu kwa Wakenya waliokuja kula kwetu, na leo nimeilipa.

Kabla ya basi tulikula barafu laini ya asumini, scursunera wanaiita. Maua hulowekwa majini usiku. Nilikula kijiko cha kwanza nikafumba macho: nilikuwa nimeinama kwenye nywele za mama yangu siku ya harusi ya dada.

Alhamisi

Magharibi hapa huingia saa mbili na nusu usiku wakati huu wa Juni. Nilisali, nikavaa kanzu, nikaweka kofia ya vito, nikapiga kiwi viatu nilivyosafiria. Begi hakuna habari. Saa tatu kamili tulikuwa mlangoni.

Kitabu cha Michelin, kwa anayejiuliza, ni cha kampuni ile ile ya matairi. Kilianza Ufaransa mwaka 1900 ili wenye magari wajue pa kulala na pa kutengeneza tairi, nyota zikaja baadaye. Tajiri wangu wa Malindi alikuwa nacho ofisini, toleo la zamani, na alilitaja kama imamu anavyotaja kitabu. Hakuwahi kupata nyota. Sidhani walimjua.

Mkahawa uko ndani ya jumba la kale la Kalsa. Unapita ua wenye mlimau, unapanda ngazi za mawe zilizolika katikati, unaingia chumba chenye dari iliyochorwa malaika wanaobanduka rangi. Meza kumi na moja tu, nilizihesabu kabla sijakaa. Nilihesabu pia wahudumu: saba. Sisi tulikuwa sita kwa meza arobaini.

Kiti kikavutwa, na mimi bila kufikiri nikavuta cha binti yangu, kijana aliyekuja kumvutia akabaki na mikono hewani. Kosa la kwanza. Nilipokaa niliyaona mambo ambayo mgeni hapaswi kuyaona. Kitambaa cha meza kinashuka sawasawa pande zote nne, na chini yake kuna kingine kizito kama blanketi, ndiyo maana sahani ikiwekwa haisikiki. Glasi hazina alama ya kidole hata ukizitazama dhidi ya mshumaa. Kando ya binti kikaletwa kistuli kidogo, akaniuliza ni cha nini. Cha mkoba wako, mama. Usiuweke chini.

Msimamizi ni mama wa makamo mwenye nywele fupi za mvi. Akaja, akatuamkia, akasema kwa sauti ya chini kwamba ameiona barua yetu: nguruwe hakuna, pombe hakuna hata kwenye supu na mchuzi, mpishi ametengeneza supu ya samaki mbali kwa ajili yetu. Hakuirefusha wala hakuuliza kwa nini. Kanzu aliitazama mara moja kama anavyotazama suti. Mimi nimekuwa kazini miaka kumi na tisa, najua wageni wa aina ngapi nimewatazama mara mbili.

Tukaletewa menyu. Yangu haikuwa na bei. Nikageuza nyuma, nikageuza mbele. Ya binti ilikuwa nazo, akaificha kifuani.

Kisha akaja kijana atakayetuhudumia, mrefu, upara umemwahi. Akaniuliza: maji ya kawaida au yenye gesi? Na mimi, kwa ukakamavu wa miaka yote ile, nikamjibu: "Subito, signore!" Mara moja, bwana. Binti alizama nyuma ya menyu, mabega yanatikisika. Kijana hakutikisika. Akainamisha kichwa kidogo, akaleta yote mawili. Hapo ndipo nilipogundua kwamba Kitaliano changu hakina neno la kuomba. Najua kusema tayari, najua kusema samahani kwa kuchelewa, najua sahani ni ya moto bwana angalia mkono. "Naomba" sijawahi kuihitaji.

Vikaja vitu vidogo ambavyo hatukuviagiza, salamu za mpishi. Panelle, zile zile za Ballarò, lakini nyembamba kama jani, zimesimamishwa ndani ya mawe. Na mpira wa wali wa zafarani ukubwa wa gololi, ndani una samaki. Nilimeza kabla sijaamua nimeonja nini. Mkate uliofuata ulinirudisha chini: mkate mnene wa ngano ya njano, juu umejaa ufuta. Kijana akasema jina la ufuta kwa Kisisilia, giuggiulena, nikamwambia kwetu tuna mkate wa ufuta mtu huula na kebabu usiku wa Ramadhani. Akauliza unapikwaje. Nikaanza kumweleza, nikaona macho yake yameruka sekunde moja kwenda meza ya dirishani, mgeni amemaliza. Nikakatiza mwenyewe: "Nenda, nenda." Akaenda.

Kamba wekundu wa Mazara del Vallo wakaja wabichi. Wanatoka kina kirefu, mamia ya mita, wamelazwa uchi na mafuta ya zeituni na ngozi ya limau iliyokunwa. Hapa nitasema ukweli: nimewapelekea watu vitu hivi miaka mingi na sijawahi kuvigusa. Bibi yangu alikuwa akisema kibichi ni cha paka. Binti alikuwa ameshakula wake wawili. Nikasema bismillahi, nikamtia mmoja mdomoni mzima ili yaishe. Ni mtamu. Si utamu wa kupikwa. Ni kama nazi changa, halafu bahari inafuata nyuma. Nilikula wa pili taratibu, na wa tatu nikamtazama binti kama atamaliza wake.

Mtaalamu wa mvinyo alikuja pia, na nilidhani atatupita. Alituandalia vinywaji vyake kwa kila sahani: maji ya machungwa mekundu yaliyochujwa, forosadi na mnanaa, chai baridi ya majani ya mlimau. Alimimina kwa heshima ile ile, akanionyesha chupa, akangoja nionje. Nikaonja. Nikatikisa kichwa kama walivyokuwa wakinitikisia mimi, na nikaelewa kwamba wengi wao nao hawakuwa wakijua wanachotafuta.

Sahani ya tambi ndiyo iliyonichekesha. Tambi fupi zilizosokotwa, za Trapani, na juu yake kitu kimeparuzwa kama unga wa rangi ya kahawia. Msimamizi mwenyewe akaja kuieleza: mayai ya samaki jodari, ndani ya mfuko wake, yametiwa chumvi, yakakandamizwa, yakakaushwa kwa miezi. Bottarga. Nikaonja. Nikaweka uma chini.

"Baba, vipi?"

"Hii ni ng'onda."

"Baba!"

"Mwanangu, nimekuzaa Malindi. Hii ni ng'onda iliyosoma." Nilikumbuka Idrisi na wavuvi wake wanaohifadhi samaki. Kwetu papa mkavu ni chakula cha mwisho wa mwezi, humfungia madirisha jirani asisikie harufu. Hapa huparuzwa mbele yako kwa kifaa cha fedha na watu hunyamaza. Nilimaliza zote. Nikapangusa sahani na mkate, jambo ambalo kwenye meza kama ile wengi hawathubutu, kisha nikaona meza ya dirishani bwana mmoja mzee anafanya vile vile. Tukatazamana.

Halafu ikaja ile niliyoiogopa tangu niliposoma menyu: tambi za wino wa ngisi. Nyeusi ti. Kwetu wino humwagwa baharini kabla ngisi hajafika nyumbani. Na mimi nimevaa kanzu nyeupe, mkono mpana, taa kila upande. Nilikuwa nafikiria nitaiambiaje ile meza kwamba nimeshiba, kijana akatokea upande wa kushoto na kitambaa cha pili, kikubwa, cheusi, kimekunjwa juu ya mkono. Hakusema chochote. Alikitandika juu ya mapaja yangu na kukipandisha hadi kifuani kwa mkono mmoja, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala. Binti alikuwa anazungumza wakati ule na hata hakukatiza sentensi yake. Hakuona.

Kule kwetu tulipofundishwa kazi, tajiri alitwambia mgeni asikumbuke uso wako. Sikumwelewa. Nilidhani ni dharau, na labda kwake ilikuwa dharau. Lakini jambo lile la kitambaa mtu hulifanya kwa sababu amekutazama tangu ulipoingia mlangoni, amewaza sahani ya sita wakati wewe uko ya kwanza. Ule wino nilikula nikiwa nimetulia. Una ladha ya bahari usiku, na chuma kidogo.

Tulipomaliza ndipo nilipofanya kosa la pili. Kijana alikuwa anakuja, na mkono wangu ukajiendea wenyewe: nikabeba sahani yangu kwa vidole vitatu, kidole gumba kimebana uma, nikapitisha kisu chini ya uma kimelala msalaba, sahani ya binti nikaipandisha juu ya kiganja, mabaki nikayasukumia kwenye ya chini, nikamnyooshea. Ilichukua pumzi moja. Kijana akasimama. Kwa mara ya kwanza usiku ule uso wake ukasahau kazi.

"Lei è del mestiere," akasema. Wewe ni wa kazi hii.

"Diciannove anni," nikamjibu. Miaka kumi na tisa. "Malindi."

Alizipokea sahani kutoka mkononi mwangu kwa mshiko ule ule nilioutumia, akasema ana shangazi aliyewahi kwenda Malindi, akaondoka haraka. Nilipokaa vizuri nikaona ukingo wa mkono wa kanzu umegusa sahani. Kidoa kimoja, ukubwa wa mbegu ya ufuta, cheusi. Kitambaa kilinilinda na chakula, hakikuweza kunilinda na mazoea.

Samaki mwenye upanga alikuja amezungushiwa makombo ya mkate, zabibu kavu na mbegu za msonobari. Alikuwa mzuri na sina mengi ya kumsemea. Zabibu zilizidi. Tamutamu ilikuwa maji ya tikiti yaliyogandishwa kwa wanga, juu maua mawili mabichi ya asumini. Binti alichukua moja akalitia nyuma ya sikio. Saa ilikuwa imepita sita usiku.

Bili sikuiona. Nilimwona tu binti akitia namba kwenye kile kimashine bila kukunja uso, na nikajua amejizoeza. Tulipokuwa tunatoka wahudumu wawili walikuwa wamesimama penye ngazi pamoja na kijana wetu, mikono nyuma. Alinifungulia mlango. Nilitaka kusema kitu, na Kitaliano changu kikanipa nilichokuwa nacho: "Servizio perfetto." Yeye akajibu, "Subito, signore," akiwa na uso mkavu kabisa, na ndipo wote watano tukacheka.

Ijumaa

Nililala hadi saa nne asubuhi. Swala ya Ijumaa mjini, safu mbili nyuma ya Watunisia na Wabangladeshi, hotuba kwa Kiarabu na Kitaliano. Mchana pweza tena, yule mzee wa Ballarò, na safari hii nilikwenda na pilipili ndogo ya unga iliyokuwa kwenye mkoba wangu. Akaonja, akakohoa, akaniomba nimwachie.

Shirika la ndege limepiga simu. Begi lilikuwa Athens.

Jumamosi

Begi limefika hotelini saa moja kabla hatujaondoka. Suti haina hata mkunjo. Binti amenilazimisha niivae nipige picha ukumbini, nikaivaa, nikapiga, nikaivua, kwa sababu Juni ya Palermo si ya suti. Tuliagana uwanjani, yeye ndege ya Bologna, mimi ya Roma. "Umefurahi baba?" Nikamwambia mwakani nitampikia ng'onda, ila asije na bili.

Naandika haya Malindi, kibarazani. Kanzu imefuliwa mara mbili na kuanikwa juani, kidoa hakijatoka. Mke wangu ameishika pale kwenye ukingo wa mkono, akaisogeza machoni. "Hiki nini, umeenda kula au kuandika barua? Huu si wino?"

Nikamwambia ni wino.